Kumfundisha Mtoto Mdogo Nyumbani Wakati wa Likizo

Shule zimefungwa, nazo hazitafunguliwa mpaka Januari. Wakubwa wamekwisha rudi na ripoti zao. Wengine watakwenda shamba pamoja na wazazi, wengine watapelekwa kwa babu na bibi huko Handeni au Korogwe. Lakini katika nyumba nyingi za mtaa wetu yupo mwingine, wa miaka minne au mitano, ambaye hakuleta ripoti yo yote kwa kuwa hajaanza shule. Huyo ndiye atakayesimama mlangoni pa darasa la awali likizo itakapokwisha. Kwa ajili yake, na kwa ajili yenu mlio naye nyumbani, tumeandika somo la mwezi huu.

Kila mwaka majira haya akina baba na akina mama hutujia nje ya kanisa baada ya ibada na swali lile lile: "Mwalimu, nimwanzishie nini?" Wengine wamekwisha nunua daftari na penseli. Wengine wamemtafuta kijana wa kumfundisha tuisheni kila siku kwa muda wa saa mbili, mtoto wa miaka minne! Tena wapo wenye hofu ya usaili, maana shule nyingine za kulipia humwuliza mtoto maswali kabla ya kumpokea, na mzazi hukosa usingizi kana kwamba ni yeye atakayeulizwa.

Hofu hiyo twaielewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali katika mpango rasmi wa shule zetu, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, na watoto wamekuja kwa wingi, jambo ambalo sote twalishukuru. Lakini mwalimu mwenye watoto themanini au mia mbele yake hawezi kumshika kila mmoja mkono. Mtoto asiyethubutu kusema "Sijaelewa" huketi nyuma akanyamaza, na mwaka ukapita. Akipandishwa darasa hupanda na ukimya wake. Sisi tuliokuwa tukiwapeleka wanachuo wetu kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi tuliwakuta watoto wa namna hiyo hata darasa la tatu, hawajui kusoma neno moja, nao hawakuwa wajinga hata kidogo. Hapakuwa na mtu aliyewaona mapema.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni kubwa, ila si ile ambayo wengi huidhania. Wengi hudhani ni kuigeuza sebule kuwa darasa: mtoto hapa, ubao pale, na fimbo juu ya meza. Fimbo na tuiondoe kwanza. Mtoto wa miaka minne akipigwa kwa sababu ya herufi, hajifunzi herufi. Ajifunza kwamba kitabu ni kitu cha kuumiza, na somo hilo halisahau upesi. Walimu wa miaka mingi baadaye huhangaika kulifuta. Pia muda uwe mfupi. Robo saa ya kukaa pamoja kwa makusudi, mara moja asubuhi na pengine mara moja jioni, yatosha sana kwa umri huu. Mtoto akianza kujinyonganyonga na kutazama kuku nje, somo limekwisha, hata kama ninyi hamjamaliza.

Sasa tuanze na masikio, kwa kuwa masikio hutangulia macho. Mtoto husoma kwa maneno ambayo tayari anayo mdomoni. Akikutana na neno *jembe* kitabuni, akaunganisha *je* na *mbe*, papo hapo atacheka na kusema, "Jembe!" kwa kuwa alijua jembe ni nini kabla ya kulisoma. Asiyekuwa na neno hilo atalitamka lakini hatapata kitu. Basi semeni na watoto. Mnapopika, semeni mnachofanya: nachambua mchele, napembua, naosha, nainjika sufuria. Mkipita njiani, tajeni miti. Mtoto anayeambiwa tu "njoo", "kaa", "nyamaza", "ondoka hapo", ataingia darasani na maneno manne.

Hapa mtauliza, tuseme naye lugha gani? Katika nyumba nyingi hapa Muheza bibi anasema Kibondei, na nyingine ni Kisambaa au Kizigua. Tusikionee haya. Semeni naye lugha mnayoijua hasa, ile mnayoweza kuchekesha nayo na kusimulia nayo, na Kiswahili kiwemo pia kwa kuwa ndicho atakachokikuta katika shule zetu za serikali. Mtoto hubeba lugha mbili bila kulemewa. Jambo tusilolipenda ni la mzazi mwenye Kiingereza cha maneno ishirini, ambaye ameamua kusema na mtoto Kiingereza tu ili apite usaili. Huyo amempa mtoto maneno ishirini akamnyima elfu.

Baada ya maneno mazima, mfundisheni kuyakata. Huu ni mchezo wa makofi, hauhitaji hata karatasi. Taja neno, mpige makofi kwa kila silabi: *ma-ma*, makofi mawili, *ki-ko-mbe*, matatu, *m-to-to*, matatu pia. Mtafurahi kuona jinsi mtoto anavyosikia mambo ambayo mkubwa hajawahi kuyawaza. Neno *mtu* lina makofi mawili, *m-tu*, kwa kuwa ile *m* yasimama peke yake kama silabi. Neno *mbuzi* nalo lina mawili, *mbu-zi*, kwa kuwa hapo *m* imeshikamana na *b*. Na yule mdudu *mbu* je? Mawili tena, *m-bu*, ingawa katika *mbuzi* sauti zile zile zilipata kofi moja! Msimweleze mtoto sababu yake. Sikio lake litaamua lenyewe, na mara nyingi litaamua sawa. Mtoto aliyezoea mchezo huu akifika kwenye *ba be bi bo bu* ataona ni jambo la kawaida, maana Kiswahili huandikwa kwa silabi zile zile alizokwisha zipigia makofi.

Tukifika kwenye herufi zenyewe, twaomba kitu kimoja kwa nguvu: fundisheni sauti, msianze na majina ya Kiingereza. Watoto wengi siku hizi huimba ule wimbo wa *ei, bi, si, di*, na wazazi hufurahi. Lakini tazameni matokeo yake. Jina la Kiingereza la herufi *e* hutamkwa sawasawa na *i* yetu. Mtoto akiona neno *embe* atasoma "imbe". Herufi *a* ataiita "ei", na neno *ama* litamshinda. Kiswahili kimetufanyia hisani: irabu ni tano tu, *a e i o u*, na kila moja ina sauti moja tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Tusiitupe bahati yetu kwa ajili ya wimbo.

Anzeni na irabu tano, moja kwa siku mbili au tatu, bila haraka. Zikikaa, leteni *m*, na mtamke sauti yake kwa midomo iliyofumbwa, *mmm*, wala si "em". Halafu *b*. Kwa irabu tano na herufi hizo mbili tu mtoto aweza kusoma *mama, baba, bibi, babu, mimi, embe, bamia, ubao, boma*. Jamaa yote ya nyumbani imo humo! Likizo ikiisha naye amefika hapo tu, amefika mbali. *Ch, sh, th, dh, gh, ny* na *ng'* mwachieni mwalimu. Herufi *q* na *x* hatuzihitaji katika Kiswahili, wala hazina haraka.

Za kuandikia hazihitaji fedha. Daktari Maria Montessori, Mwitalia, alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole, ili mkono ulijue umbo la herufi kabla ya kushika kalamu. Karatasi za msasa si za kila nyumba, lakini mchanga tunao bure. Tandazeni mchanga mkavu juu ya sinia kuukuu, mwandike *a* kwa kidole, mtoto aifuate kwa kidole chake huku akiitamka, kisha atikise sinia herufi ifutike, aandike yake. Akikosea, mchanga haukumbuki. Daftari hukumbuka, tena ile alama nyekundu ya kosa humkodolea macho siku nzima.

Penseli ni ya baadaye, kwa sababu vidole vya miaka minne bado vina ulegevu. Hata hivyo nyumba zetu zina kazi nyingi za kuvikaza: kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kuchambua mchele, kutunga visoda katika uzi, kufinyanga vyungu vya udongo baada ya mvua. Mtoto aliyepukuchua mahindi mwezi mzima atashika penseli vizuri kuliko mwenzake aliyelazimishwa kujaza kurasa za mistari. Atakapoishika, ishikwe kwa vidole vitatu, gumba, shahada na cha kati, si kwa ngumi. Na mkitaka kumwandikia jina lake alifuate, andikeni herufi kubwa ile ya kwanza tu, zilizobaki ziwe ndogo. Mara nyingi watoto hufika shule wanajua jina lao kwa herufi kubwa tupu, na mwalimu inambidi aanze tena.

Akiandika *b* ikatazama upande wa *d*, au 3 ikageukia nyuma, msishtuke. Katika umri huu ni kawaida, na kwa wengi huisha kabla hawajatimiza miaka minane.

Kuna jambo la mkono wa kushoto, na hapa tunataka tusikilizwe, hasa na wazee wenzetu. Karibu mtu mmoja katika kila kumi hutumia zaidi mkono wa kushoto. Ndivyo alivyoumbwa, si ukaidi wala si ishara ya jambo lo lote. Tulikua katika siku ambazo mkono huo ulifungwa kwa kitambaa, au kuchapwa rula kwenye vifundo, na wengi wa rika letu mpaka leo wana mwandiko wa shida usio wao. Twafahamu kwamba katika desturi zetu kula na kupokea ni kwa mkono wa kulia. Mfundisheni adabu hiyo. Ataijua, wala haimdhuru. Ila kuandika si kula. Mwekeeni karatasi iinamie kidogo upande wa kulia, mwacheni mkono wake ufanye kazi, na bibi akilalamika mwambieni kwamba walimu wazee wa chuo ndio waliosema.

Sasa hesabu, ambayo twaipenda kuliko yote. Mtoto aimbaye moja mpaka ishirini hajahesabu bado. Ameimba. Kumpima, mwagieni visoda saba mbele yake mseme, "Hesabu." Tazameni kidole chake. Je, kila kisoda kinapata neno moja, au kidole kinakimbia na ulimi unabaki nyuma? Akimaliza, mwulizeni, "Kwa hiyo ni vingapi?" Akijibu "Saba" papo hapo, amejua kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Akianza tena, "Moja, mbili, tatu…", hajafika. Wengi wa miaka minne huanza tena. Msimkemee. Hesabuni mkiwa mmemshika kidole, vitu vitatu leo, vitatu kesho, halafu vinne. Mtoto anayeijua tano kwa hakika ana mali kuliko anayeimba mia.

Jaribuni na jambo hili, ambalo lilimfanya bingwa wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), atafakari miaka mingi. Pangeni visoda sita kwa mstari, na chini yake sita vingine, kimoja kuelekeana na kimoja. Mwulizeni mtoto wapi pana vingi. Atasema ni sawa. Kisha, mbele ya macho yake, utanueni mstari mmoja uwe mrefu, bila kuongeza wala kupunguza. Mwulizeni tena. Wengi wa miaka minne na mitano watasema ule mrefu una vingi zaidi! Tulipokuwa chuoni, wanachuo hawakuamini mpaka walipokwenda wakawauliza watoto wenyewe. Hakuna maelezo yatakayomgeuza mtoto siku hiyo, na kumpigia kelele ni kazi bure. Mwacheni achezee vitu, avipange, avitawanye, avikusanye, na siku moja, pengine katika mwaka wa sita au wa saba, atawacheka ninyi kwa kumwuliza swali la kitoto namna hiyo.

Kiswahili chetu kina ugumu mmoja katika kuhesabu ambao sisi wakubwa hatuuoni tena. Mtoto hufundishwa *moja, mbili, tatu*. Lakini mezani husikia *kikombe kimoja, vikombe viwili*. Mlangoni, *mtu mmoja, watu wawili*. Shambani, *mti mmoja, miti miwili*. Kwake huenda *viwili, wawili, miwili* na *mbili* vikawa vitu vinne. Hadi tano maneno yote hubadilika hivyo, na nane pia, lakini sita, saba, tisa na kumi hayabadiliki. Hii si sheria ya kumkaririsha. Ni sababu ya kuhesabu vitu vya kila namna pamoja naye kwa sauti, watu, miti, viti, mayai, mpaka sikio lake lizoee kwamba ni *mbili* ile ile imebadili nguo. Kwa upande mwingine Kiswahili chatusaidia baada ya kumi, maana *kumi na moja, kumi na mbili* husema wazi kwamba ni kumi, na moja, na mbili. Pangeni visoda kumi pamoja na kimoja kando, naye ataona jina na kitu vimekubaliana.

Kwa mazoezi hatuna haja ya kutafuta mbali. Mdako waufundisha mkono na hesabu pamoja: jiwe likiwa hewani, mtoto achomoe mawili shimoni, arudishe yaliyozidi, adake. Machungwa yanayopangwa barabarani kwa mafungu, kila fungu na idadi yake, ni kitabu cha hesabu kisichofungwa. Maandazi manne na watoto wanne, halafu maandazi manne na watoto watano: hapo mtoto ameanza kugawa, tena kwa moyo wote, maana fungu lake limo! Na Jumapili, mpeni kazi ya kusoma namba za nyimbo katika ule ubao ulio ukutani kanisani. Amtajie baba tarakimu moja moja, na baba atafute ukurasa. Mtoto wa miaka mitano aliye na kazi hiyo hasinzii kabla ya wimbo wa kwanza, jambo ambalo hatuwezi kulisema juu ya kila mtu mzima.

Saa msimfundishe bado. Sisi husema saa moja asubuhi na mshale mfupi umesimama kwenye saba. Mambo hayo na yangoje. Yatosha ajue jana, leo na kesho, na mfuatano wa siku yake. Rangi nazo zitakuja zenyewe mkichambua nguo za kufua.

Jioni ni wakati wa hadithi, na hapa mwalimu mkuu ni bibi. Tumesikia akina bibi wakisema, "Mimi sijui kusoma, nitamfundisha nini mjukuu?" Jamani! Mtoto anayeketi akasikiliza hadithi ya sungura na fisi tangu "Paukwa!" hadi mwisho, akakumbuka nani alitangulia kisimani na nani alifuata, amefanya kazi ile ile atakayoifanya kwenye kitabu. Tegeni vitendawili pia. Katikati ya hadithi simamisheni mwulize, "Unadhani sungura atafanya nini sasa?" Akitaka hadithi ile ile ya jana, mpeni, hata mara kumi. Siku ya nne mkikosea kidogo kwa makusudi atawasahihisha, na hapo mtajua yote imekaa.

Kama hakuna vitabu nyumbani, maandishi yapo. Mfuko wa sukari una neno, paketi ya majani ya chai ina neno, basi lina neno ubavuni. Msomeeni mkifuata kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia, ajue kwamba macho huenda upande huo. Simu hatuichukii, lakini haimjibu mtoto anapoiuliza. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Nasi twaona watoto wanaopewa simu ili wanyamaze, nao hunyamaza kweli.

Kazi ndogo za nyumbani nazo ni masomo. "Chukua kijiko mezani, kipeleke kwa mama, halafu urudi na sahani." Hayo ni maagizo matatu kwa mfuatano. Anayeweza kuyashika ataweza kumfuata mwalimu asemapo fungueni daftari, chukueni penseli, andikeni.

Na iwapo hayashiki, kabla ya kumwita mtundu au mzito, yapimeni masikio yake. Simameni nyuma yake akiwa anacheza, hatua chache, mseme kwa sauti ya chini jina la kitu anachokipenda. Asipogeuka siku ya kwanza, rudieni siku nyingine. Mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni, au anayekazia macho midomo yenu mnaposema, apelekwe hospitali sasa, kabla ya Januari. Vivyo hivyo anayeweka kitu karibu sana na uso ili akione, au anayejikwaa kila mara. Tumewajua watoto walioitwa wakaidi darasani mwaka mzima, kumbe upande ule mwalimu aliosimama sikio halikuwa linasikia. Katika chumba cha watoto mia mwalimu huenda asiligundue hilo hata kidogo. Ninyi mwaweza kuligundua leo jioni.

Katika juma la mwisho la likizo acheni herufi kabisa. Mwacheni ajizoeze kufunga vifungo vya shati lake jipya, kuvaa na kuvua viatu, kwenda chooni peke yake na kunawa, kupenga kamasi, kusema "Naomba ruhusa" na "Sijaelewa, mwalimu." Hiyo ya mwisho irudieni sana, semeni neno gumu mezani, naye aseme kwamba hajaelewa, na asichekwe. Nendeni naye mpaka shuleni siku moja kungali kimya, aone mlango wa darasa lake, bomba la maji na vyoo, ili siku yenyewe asilie kwa ugeni wa mahali.

Siku ya kumwandikisha, mwambieni mwalimu mkono anaoandikia, na kama lipo sikio au jicho lenye shida. Tena jambo dogo ambalo limewatoa machozi watoto wengi: nyumbani tunawaita Babu, Mdogo, Kaka, Shangazi, kwa majina ya wale waliowarithi, na jina la ubatizo hulala kwenye cheti. Mwalimu akiita jina la chetini mtoto hanyanyui mkono, kwa kuwa hajui kwamba ni yeye, na daftari la mahudhurio huandika kwamba hakuja. Anzeni kumwita kwa majina yake yote mawili kuanzia juma hili, asubuhi kabla ya uji, naye aitike, "Nipo."